Mbio za Pikipiki Zina Uwanja Wake

(Hotuba katika baraza la wananchi, Chale)



Kupenda mbio za pikipiki si kosa. Jamhuri Park, Nairobi, watu hushindana kwa kujifurahisha, hata watoto. Lakini kule wote huelekea upande mmoja, wamevaa kofia ngumu, buti na kinga za kifua.

Barabara yetu ya Likoni–Lunga Lunga ina matatu, malori na watoto wanaotoka shule. Tena pikipiki unayoshindania jioni ndiyo inayolisha nyumba asubuhi. Ikiharibika, utanunua spea. Mguu hauna spea.

Vijana, undeni kikundi, mje kwa msimamizi wa wadi tutafute kiwanja pamoja. Wazazi, msiwafokee tu, wasikilizeni.