Kutafuta Dawa na Kuacha Dawa

Alhamdulillahi, shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mponyaji wa kweli. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mlioko hapa Sola nanyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni, pamoja na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, na kwamba kila maradhi yana dawa yake. Basi mwenye kutafuta dawa ya kuponya UKIMWI yumo katika jambo jema. Lakini kutafuta ni jambo moja na kudai umepata ni jambo jingine. Dai huhitaji ushahidi.

Mwaka 1990 jirani zetu wa Kenya walitangaziwa dawa iitwayo Kemron; ilipopimwa na wataalamu, haikuthibitika kuponya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Hatuwacheki, kwani mfa maji haachi kutapatapa. Lililoumiza ni kwamba wapo waliorudi wakaacha dawa za hospitali, na maradhi yakawarudia kwa nguvu.

Kwa nini? Dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa bure nchini mwetu mwaka 2004, huvizuia virusi visizaliane. Haziviondoi vile vilivyolala ndani ya chembe za mwili. Dawa ikikoma, huamka. Enyi wakulima wa pamba, nani huacha kupulizia shamba kwa kuwa leo hakumwona mdudu? Lakini anayemeza dawa kila siku, hata virusi visionekane katika vipimo, huishi miaka mingi wala hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.

Utafiti unaendelea. Watu wachache mno duniani wamepona baada ya kupandikizwa uboho kwa sababu ya saratani. Tiba hiyo ni ya hatari, haiwafai wote. Tungoje tukiwa tunameza, si tukiwa tumeacha.

Kumeza kidonge hakupunguzi tawakali. Ni kumfunga ngamia kwanza. Hata Ramadhani, mgonjwa amwulize daktari: huenda akameza wakati wa futari au daku. Na akizificha dawa zake ndani ya ghala la nafaka kwa kutuogopa, aibu si yake, ni yetu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, waongoze watafitao, na uzilainishe nyoyo zetu. Amin.