Usimpe Mtoto Maji ya Mboga, Mpe Majani Yenyewe

Kama una sufuria motoni, punguza makaa kidogo usogee karibu na redio, kwa maana leo tunazungumza juu ya sufuria hiyo hiyo.

Leo ni viazi, mayai na mboga za majani. Najua kuna mtu anasema, "Hayo si mageni, viazi tunapika kila siku." Ni kweli. Lakini nikuulize swali moja. Mtoto wako mdogo, yule wa mwaka mmoja hivi, jana jioni bakuli lake lilikuwa na nini ndani?

Swali hilo nilimuuliza mama mmoja hapa Ngoliba. Nilikuwa nimemtembelea nikiwa na utepe wa kupima mkono. Mtoto wake alikuwa na miezi 14, na utepe ukasimama kwenye rangi ya manjano. Wale mnaohudhuria kliniki mnaujua utepe huo. Kijani ni salama. Manjano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ni kuonyesha kwamba mtoto ameanza kudhoofika na anatakiwa afuatiliwe zahanati. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, na hapo unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Yule mama alishtuka sana. Akaniambia, "Lakini huyu mtoto anakula! Anamaliza bakuli lote."

Alikuwa anasema kweli. Mtoto alikuwa akimaliza bakuli la viazi vilivyopondwa kwa supu ya sukuma wiki. Supu, yaani yale maji. Majani yenyewe yalibaki kwa watu wakubwa, kwa sababu mama aliogopa yatamkaba mtoto kooni. Na pale nje mlangoni kulikuwa na kuku sita wa kienyeji. Mayai yao yalikuwa yanakwenda dukani, na pesa zinarudi kama sukari na majani ya chai.

Sikumlaumu. Sukari nayo inatakiwa nyumbani, na yai ndilo pesa ya haraka ya mama. Lakini tuliketi tukahesabu. Wiki hiyo alikuwa ameokota mayai kumi na mawili. Tukakubaliana kwamba saba yasitoke nje ya boma, moja la kila siku kwa huyu mtoto, na matano yaende dukani kama kawaida.

Sasa nikueleze kwa nini nilisumbuka na mayai na majani, hali mtoto alikuwa anashiba. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo. Viazi vinampa nguvu ya kutambaa na kucheza, lakini vikilijaza tumbo peke yake, hakuna nafasi inayobaki ya vyakula vya kujenga mwili. Ameshiba na bado ana njaa ya ndani. Njaa hiyo hailii. Utaiona baadaye, mtoto anapokuwa mfupi kuliko wenzake na mzito wa kushika masomo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kenya walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 18. Tumeendelea, lakini 18 katika kila 100 bado ni watoto wengi.

Na yale maji ya mboga je? Hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu karibu kila nyumba ninayoingia nalikuta jambo hili. Vitamini A, ile inayolinda macho ya mtoto na kumsaidia kupigana na magonjwa, mwili unaitengeneza kutokana na rangi iliyomo ndani ya jani. Rangi hiyo haiyeyuki katika maji. Unaweza kuchemsha sukuma mpaka maji yawe ya kijani kabisa, na bado sehemu kubwa ya kitu unachokitaka imebaki kwenye jani. Inayeyuka katika mafuta. Ndiyo maana majani yanataka mafuta kidogo yaende pamoja, na mafuta mengine yamo katika kiini cha yai. Unaona sasa vile vitu vitatu vinavyosaidiana katika sufuria moja? Yai nalo lina protini kama gramu sita, na kwenye kiini mna vitamini A na virutubishi vya kujenga ubongo.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23. Unasema mtoto apate kila siku chakula kinachotokana na wanyama, kama nyama, samaki au yai, na pia apate matunda na mboga kila siku. Nyama ya kila siku ni wachache wanaoiweza. Yai linawezekana.

Sitaki kukudanganya kwamba yai ni dawa ya kila kitu. Huko Ecuador watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kudumaa kumepungua sana. Wakajaribu vile vile Malawi, na matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti hiyo. Watoto wa kule Malawi wako karibu na ziwa, na wengi walikuwa tayari wanakula samaki. Mimi nasoma hivi: yai linamsaidia zaidi mtoto ambaye sahani yake haikuwa na kitu kama hicho. Basi huyo mtoto wa viazi na supu ndiye hasa anayelihitaji.

Kuna wale watakaosema mtoto akila mayai atachelewa kuongea. Shosho, nakuheshimu, na najua ulisikia hivyo kwa waliokutangulia. Lakini hakuna ukweli wowote hapo. Mtoto akifika miezi sita kamili anaweza kula yai lote, jeupe na kiini, mradi limeiva kabisa. Siku ya kwanza mpe kidogo kama kijiko cha chai, uangalie. Watoto wachache mayai huwakataa. Ukiona vipele vingi ghafla, kutapika au midomo kuvimba, acha kumpa na umpeleke zahanati. Akipumua kwa shida, usingoje, kimbia hospitali.

Haya, tuingie jikoni.

Kwa mlo mmoja wa mtoto chukua kiazi kimoja kikubwa au viwili vidogo. Viazi vingi vinavyouzwa kwetu vinatoka mbali, sehemu za baridi kama Nyandarua, na vikifika vinaanikwa juani kibandani. Jua hilo huvigeuza kijani, na kile kijani ni dalili ya sumu. Usinunue vya namna hiyo. Ukivikuta nyumbani, kata sehemu ya kijani na macho yaliyochipua, ukate kwa kina. Kiazi kikiwa kijani pande zote, au kikiwa kichungu, kitupe tu.

Majani ni konzi mbili. Usiogope, yakiiva yanashuka yawe kidogo sana. Mimi napenda terere, ambayo wengine mnaiita mchicha, kwa sababu ni laini. Majani ya kunde machanga ni mazuri, na ya malenge pia. Sukuma na spinachi hazina ubaya. Managu ni machungu kwa watoto wengi, yangojee akue.

Sasa juu ya kuosha. Mboga nyingi za huku zinamwagiliwa maji ya mto, na Mto Athi ukifika Fourteen Falls umekwisha kupokea maji ya Mto Nairobi. Mliosimama pale mmejionea povu na taka za plastiki. Kwa hiyo osha jani moja moja, pande zote mbili, kwa maji safi, ubadilishe maji mara tatu. Osha yakiwa mazima kabla ya kukata, kwa maana ukikata kwanza, vitamini nyingine zinakwenda na maji. Kuosha na kupika vizuri kunaondoa mchanga na viini vya kuhara. Hakuondoi sumu za viwandani zilizoingia ndani ya jani. Muulize mama mboga ametoa wapi mboga zake, na ukiweza, panda za mtoto mwenyewe katika gunia. Changanya udongo na samadi, panga mawe katikati ya kusambazia maji, toboa matundu kandokando upande terere au sukuma, na umwagilie maji ya mvua au ya kisima. Terere utaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne.

Menya kiazi, kikate vipande vidogo ili kiive haraka na uokoe makaa. Tia maji ya kukifunika tu, ufunike sufuria. Wakati kinachemka, kusanya majani pamoja uyakate membamba, kisha yageuze uyakate tena kwa upande ule mwingine, mpaka yawe madogo kama majani ya chai. Hapo hofu ya kumkaba mtoto imekwisha. Hiki ndicho kitu ambacho yule mama hakuwa ameonyeshwa na mtu yeyote.

Kiazi kikikaribia kuiva, tia nyanya moja iliyokatwa na hayo majani. Ngoja dakika tano. Nyanya si ya ladha peke yake: madini ya chuma yaliyomo kwenye majani mwili huyapokea kwa shida, na vitamini C ya nyanya, ya limau au ya chungwa inayasaidia yaingie. Chai inafanya kinyume, inayazuia. Kwa hiyo usimpe mtoto chai na chakula chake.

Vunja yai kwenye kikombe kwanza, uone kama ni zima. Lipige, ulimimine juu ya viazi vikiwa bado motoni huku unakoroga, ufunike dakika tatu. Pasiwe na ute wowote unaoonekana. Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta, uponde kwa mwiko. Maji yaliyobaki usiyamwage, ndiyo ya kupondea, lakini yasiwe mengi. Chakula kikae juu ya kijiko, kisimwagike kama uji. Chumvi mtoto mdogo hana haja nayo.

Kama unapika mukimo wa nyumba nzima, huna haja ya kuanza upya. Kabla ya kutia chumvi na pilipili, toa sehemu ya mtoto kwenye sufuria ndogo na umtilie yai lake hapo.

Mtoto wa miezi sita kamili aanze na vijiko viwili vitatu vilivyopondwa laini. Akiwa na miezi 9 hadi 11 mpe nusu ya kikombe cha mililita 250, na baada ya mwaka mmoja robo tatu mpaka kikombe kizima. Mwache na bakuli lake peke yake, asishindane na kaka zake. Maziwa ya mama yanaendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Ukiongeza maharagwe kidogo yaliyopondwa, au embe wakati wa msimu, umeboresha mlo zaidi.

Watoto wa shule watataka kitu tofauti. Huko Dar es Salaam wana chakula chao kinaitwa chipsi mayai, au zege, viazi vya kukaanga vikishikanishwa na mayai. Nyumbani unaweza kutengeneza chenye afya zaidi. Chemsha viazi, uvikate vipande bapa. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia terere iliyokatwa mpaka ikauke maji, panga viazi juu, umimine mayai mawili matatu yaliyopigwa. Funika, moto uwe mdogo, kisha geuza kwa kutumia sahani. Moto ukiwa mkali chini kutaungua na katikati kutabaki kubichi. Niliwahi kuharibu mayai manne kwa haraka hiyo.

Neno kwa baba: ukikuta yai moja tu nyumbani na likaenda kwa mtoto, usiulize lako liko wapi.

Na joto la huku kwetu mnalijua. Chakula chenye yai kisikae zaidi ya saa mbili. Asichomaliza mtoto, kula wewe mama, nawe unanyonyesha.

Yule mama nilimrudia baada ya mwezi. Utepe ulikuwa umeingia kijani, kwa kiasi kidogo tu. Zahanati walikuwa wamempa mtoto dawa ya minyoo pia, kwa hivyo siwezi kusema ni mayai peke yake. Mama alinionyesha gunia lake la terere lililokuwa limeanza kuota, na akalalamika kwamba wale kuku sita wanalidonoa. Tukalizungushia wavu wa zamani.

Tumefika mwisho wa mazungumzo ya leo. Wiki ijayo tutaongea juu ya maji ya kunywa na jinsi ya kuyatibu nyumbani. Kwaheri.