Kipimo Kimoja



Tumetakiwa kusema machache juu ya uaminifu baina ya mtu na mwenzake, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Twapenda kuanza na chombo ambacho kila mtu wa Kalimoni akijua, nacho ni debe.

Katika nchi hii ya kahawa, kutoka Ruiru hata Thika, watu wengi wamelea watoto kwa debe. Ingawa mashamba mengi yamegeuzwa viwanja vya nyumba, desturi yake haijasahauliwa: mchumaji hulipwa kwa hesabu ya madebe aliyojaza. Apokeaye akitaka debe lifurike kupita ukingo, humpunja mchumaji. Mchumaji naye akificha majani na buni mbichi chini ya zile zilizoiva, humpunja mwenye shamba. Dhuluma haina tabaka. Hukaa popote penye vipimo viwili.

Torati, katika Kumbukumbu mlango wa 25, yamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni, zito na jepesi, au vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Angalieni vema: katazo hilo halingoji mtu apunje. Kuwa navyo tu ni kosa, kwa maana aliyeviweka amekwisha kusudia ni nani atakayempimia kwa kile kidogo.

Basi tusiyaache mafundisho hayo sokoni. Mume adaiye mkewe hesabu ya kila shilingi, huku mshahara wake mwenyewe ni siri, ana vipimo viwili. Mzazi amwonyaye mtoto juu ya uongo, kisha amtuma mlangoni akaseme kwamba baba hayupo, ana vipimo viwili. Vivyo hivyo akopaye kwa maneno matamu na kulipa kwa hasira, na yule asemaye kwa simu kwamba amekwisha pita Ruiru, naye bado yu kitandani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetenga Sura ya Sita kwa ajili ya uongozi na uadilifu. Ni jambo jema. Lakini sura hiyo yawahusu maofisa wa dola. Haiwezi kuketi mezani baina ya mume na mke, wala kusimama uani baina ya jirani na jirani. Huko, mlinzi ni dhamiri peke yake.

Na katika chama? Nabii Samweli, alipokuwa mzee, aliwasimamisha Waisraeli wote akawataka washuhudie kama alimnyang'anya mtu ng'ombe au punda, au kama alipokea rushwa. Wakakiri kwamba hakufanya hivyo. Hakungoja kushtakiwa, aliyetaka hesabu ikaguliwe ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo yampasa mshika fedha akifungue kitabu kabla hajaulizwa, na mwanachama alipe ada yake kabla ya kupaza sauti juu ya kitabu hicho. Mjane angojaye msaada wa mazishi hawezi kumzika mumewe kwa udhuru wa pande zote mbili.

Pengine yuko aliyekwisha mpunja mwenzake, naye aona kwamba wakati umempita. Na amkumbuke Zakayo wa Yeriko. Torati, katika Hesabu mlango wa 5, ilimtaka mkosaji aungamaye arudishe mali yenyewe na sehemu ya tano juu yake. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Hakuomba radhi kwa maneno matupu, alitaja kiasi.

Ndugu zetu, na tufanye kama yeye. Kitabu cha hesabu kipo mezani, na kalamu ipo kando yake. Mwenye deni na ataje kiasi na siku ya kulipa. Mwenye kudai naye na ampe mwenzake muda ule ule ambao angependa kupewa yeye.