Tuanzie Jikoni: Kupanga na Kulipia Matumizi Bora ya Nishati katika Nyumba za Mwanza

Mada kwa semina ya viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Mwanza



Nimeombwa nizungumzie namna familia inavyoweza kupunguza gharama za nishati nyumbani, na fedha za kufanyia kazi hiyo zitoke wapi. Huenda wengi mnatarajia nianze na sola. Nitaanza na mkaa. Kwa nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Igogo na Mabatini hadi Igoma na Buhongwa, taa si mzigo mkubwa. Fedha zinateketea jikoni, kopo baada ya kopo.

Mama anayenunua mkaa wa kopo ananunua asubuhi wa chai, mchana wa ugali, na jioni anaongeza kwa sababu maharage hayajaiva. Kila mara anatoa fedha ndogo, kwa hiyo haimuumi. Mwisho wa mwezi hakuna aliyejumlisha. Pendekezo langu la kwanza halina gharama: kila kaya iandike kwenye daftari, kwa wiki mbili, kila shilingi inayokwenda kwenye mkaa, kuni, gesi na umeme wa LUKU. Bila hesabu hiyo, mkopo wowote wa nishati ni kubahatisha.

Gharama nyingine ya mkaa haiingii daftarini. Jirani zetu wa Shinyanga walikata miti, kwa mkaa na kwa sababu nyingine, mpaka ikabidi uanzishwe mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mwaka 1986, na ngitili za asili, yaani malisho yaliyotengwa, zikafufuliwa ili mbuga zirudishe uoto. Kazi ile ilichukua miaka mingi. Sisi wa ukanda wa ziwa hatuna sababu ya kusubiri tufike walikofika wao.

Sasa niingie kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotezwa na ushauri nusu nusu. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kawaida wa T1 hulipa 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, na bei zinakuwa karibu 122, 427 na 356. Mstari huo wa uniti 75 ndio unaoamua kama kupikia umeme kutakuokoa au kutakuumiza.

Chukua sufuria ya maharage. Jiko la umeme la koili lenye wati 1,500, likiwaka saa mbili, linakula uniti tatu. Jiko la presha la umeme lenye wati 1,000 huwaka na kujizima lenyewe, kwa kuwa mvuke na joto vimefungiwa ndani. Maharage yale yale huiva kwa takriban nusu uniti. Kwa mteja wa D1 aliye chini ya uniti 75, koili itamgharimu kama shilingi 366 na presha kama 61. Akiwa ameshavuka mstari, koili inafika 1,281 na presha 213. Hata kwa bei hiyo ya juu, linganisheni na mkaa wa kuivisha maharage mtaani kwenu leo, kisha kila mmoja aamue.

Kwa hiyo familia inayotumia uniti 60 kwa mwezi ina nafasi ya uniti 15. Ikipika maharage au makande mara tatu kwa wiki kwa jiko la presha, itatumia uniti sita hivi, na bado itabaki salama. Ikihamishia mapishi yote kwenye koili, itavuka mstari kabla ya mwezi kuisha. Ndiyo maana siwashauri watu waache mkaa ghafla, ndani ya siku moja. Vyakula vya kuchemka muda mrefu, yaani maharage, makande na kongoro, viende kwenye presha; chai na mboga viende kwenye gesi; na mkaa unaobaki uchomwe kwenye jiko banifu, ambalo linaweza kuokoa theluthi hadi nusu ya mkaa ukililinganisha na jiko la bati tupu. Unapolinunua, chungulia udongo wa ndani. Ukiwa na ufa, usilichukue hata ukipunguziwa bei.

Nafasi chini ya uniti 75 inaweza pia kutengenezwa. Taa ya nje ya wati 60 inayowaka saa 12 kila usiku hula karibu uniti 22 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula tatu na kidogo. Uniti 18 zimeokolewa kwa balbu moja. Kisha kagueni friji, hasa za mtumba. Bana noti ya elfu moja kwenye mlango, uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umechoka, na baridi inavujia nje. Kubadilisha mpira ni nafuu kuliko kununua friji.

Kuhusu nyumba yenyewe nitasema machache. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na tuna upepo wa ziwani. Nyumba iliyojengwa vizuri hapa haihitaji kiyoyozi. Tunajiharibia wenyewe kwa bati lisilo na dari, na kwa madirisha ya alumini ya kuslaidi yanayofunguka nusu tu. Kwenye vilima, mawe yaliyoshika jua mchana kutwa huendelea kutoa joto usiku. Anayejenga aweke dari na matundu ya hewa tangu mwanzo. Aliyekwisha kujenga apande mti upande wa magharibi.

Mpangaji, hata hivyo, hawezi kumwekea dari mwenye nyumba. Hilo lizungumzwe wakati wa mkataba. Anachoweza kununua ni kile atakachohama nacho: jiko, balbu, mtungi.

Fedha zitoke wapi? REA imekuwa ikiuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya hadi nusu ya bei. Fuatilieni kwenye ofisi za wilaya zenu. Tatizo kubwa zaidi ni kujaza, kwa sababu gesi inataka fedha ya mkupuo ilhali mkaa unanunuliwa kwa mia tano. Hapa kikundi kina kazi. Tuseme kujaza ni 24,000 na mtungi unadumu mwezi: mwanachama aweke 800 kila siku kwenye mfuko wa gesi, usiochanganywa na hisa wala mfuko wa jamii. Kwa jiko la presha, marejesho ya mwezi yasizidi kile ambacho daftari linaonyesha kimeokolewa kwenye mkaa. Mkopo usiotimiza sharti hilo usitolewe. Na mtu asikimbilie mikopo ya kausha damu kwa ajili ya jiko, kwa kuwa riba itakula akiba yote. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina pia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Wanaotaka kuuza au kutengeneza majiko banifu waandike maombi.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa kugawa mitungi kwenye mikutano ya hadhara. Tangu 2021 LUKU inakata kodi ya majengo kila mwezi bila mtu kupanga foleni. Njia hiyo hiyo itumike kulipia jiko la presha kidogo kidogo, kwa masharti yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, na ifike mpaka Nansio na Sengerema. Naomba semina hii iwaandikie TANESCO na REA barua ya kuwataka wafanye hivyo, na kila kiongozi aliyeko hapa aanzishe daftari la mkaa katika kikao chake kijacho, ili barua hiyo iende na hesabu zetu wenyewe.