Kulenga kwa Bastola Nje ya Asubuhi Tulivu
Mada kwa semina ya wakufunzi wa kulenga shabaha



Nimekuja na karatasi mbili za shabaha. Zote ni za mwanafunzi mmoja, bastola ileile, umbali wa mita 10. Ya kwanza aliipiga saa 2 asubuhi, na matundu yake kumi yanafunikwa yote na kisosi cha chai. Ya pili aliipiga siku hiyohiyo saa 12 kasoro robo jioni, jua limelala upande wake wa kulia. Hapo matundu yameenea eneo la sahani ya wali, na mawili hayaonekani kabisa. Mwanafunzi aliitazama bastola kana kwamba imemsaliti. Bastola ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu: kwa miezi mitano nilikuwa nimemfundisha kulenga asubuhi tu.

Ninachokuja kusema leo ni hiki. Karatasi nzuri ya asubuhi tulivu inathibitisha kwamba mtu anaweza kulenga asubuhi tulivu, basi. Tukitaka mkono unaoaminika, lazima tuutoe huko tukiwa tumejipanga.

Kwanza tuone kwa nini bastola haisamehe. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna sentimita 16 hivi. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu, risasi inahama sentimita 6 na zaidi kwenye mita 10, na zaidi ya sentimita 15 kwenye mita 25. Isitoshe, bastola nyingi hazifiki kilo 1, ilhali triga zake hudai nguvu ya kilo 2 na kitu. Kidole kinavuta uzito unaozidi wa chombo chenyewe. Ndiyo maana jambo dogo linalobadilika, kama mwanga, jasho au pumzi, linaonekana mara moja kwenye karatasi.

Nikianza na mwanga, huko ndiko tunakopoteza wengi. Jicho haliwezi kuona vitu viwili vya umbali tofauti kwa ukali uleule. Tunawafundisha kukazia kilengeo cha mbele na kuiacha shabaha iwe na ukungu kidogo. Asubuhi hilo ni rahisi. Jua likipiga kutoka ubavuni, ukingo mmoja wa kilengeo unang'aa na jicho linadanganyika kuhusu katikati yake, kwa hiyo risasi zote zinahamia upande mmoja huku mlengaji akiapa kwamba amelenga sawasawa. Walenga shabaha wa zamani walipaka vilengeo masizi ili kuua mng'ao huo, na masizi ya koroboi yanafanya kazi hiyo hadi leo. Giza nalo likianza kuingia, mboni inapanuka, na upana wa kile kinachoonekana vizuri unapungua. Kwetu karibu na Ikweta machweo hayangoji mtu. Nusu saa baada ya jua kuzama hakuna tena cha kuona. Jicho, kwa upande wake, linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Kwa hiyo kipindi cha jioni kipangwe kwa saa, na kisitishwe mara mkufunzi anaposhindwa kuona mikono ya kila aliye kwenye mstari.

Upepo tunauogopa kupita kiasi. Kwa mita 10 au 25, upepo wa kawaida hausukumi risasi kiasi cha kuhesabu. Unachosukuma ni mkono. Wenzetu wa pwani wanaujua kusi unavyopiga kuanzia saa nane mchana. Mwanafunzi asifundishwe kupambana nao. Afundishwe kusubiri upungue, na upepo ukigoma kupungua, ateremshe bastola, apumue, aanze upya. Kuteremsha bastola bila kufyatua ni ujuzi, nao unahitaji kufanyiwa mazoezi.

Kuhusu faida ya kubadilisha mazingira, kuna jaribio la mwaka 1978 la Kerr na Booth ambalo kila mkufunzi anapaswa kulijua. Watoto wa miaka 8 walifundishwa kurusha vifuko vidogo kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwenye umbali wa futi 3 peke yake. Jingine futi 2 na futi 4. Baada ya wiki 12 wote walipimwa kwenye futi 3. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuwahi kufanya mazoezi kwenye futi 3. Mkono uliobadilishiwa umbali ulikuwa umejifunza kukadiria.

Upande mwingine, kuhusu kinachotokea nje ya renji, kuna ripoti ya taasisi ya RAND ya mwaka 2008 kuhusu polisi wa jiji la New York, ambao wote hupimwa kwenye renji. Katika mapambano ya kurushiana risasi kati ya 1998 na 2006, wastani wa risasi zilizompata mlengwa ulikuwa asilimia 18. Mshukiwa asiporudisha risasi, asilimia 30. Tafadhali tufikirie zile risasi 82 zilizobaki katika kila 100 za mapambano hayo. Kila moja ilikwenda mahali. Mwenye leseni ya bastola katika mji wenye watu hana haki ya kutojua risasi yake itaishia wapi.

Sasa namna ya kufanya. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha umbali, mwanga na kasi kwa pamoja, hutajua kilichomwangusha mwanafunzi, na yeye atajifunza woga. Kwa wiki mbili badilisha umbali tu: mita 5, 12, 7, 20, bila mpangilio anaoweza kuukariri. Kisha mkao: amesimama, amepiga goti, ameegemea ukuta. Kisha mkono mmoja, halafu mkono dhaifu. Anayeona mkono dhaifu ni kupoteza muda amkumbuke Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti liliharibu mkono wake wa kulia, ule wa kulengea. Akajifunza kwa kushoto, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 London 1948, akairudia Helsinki 1952. Mchezo huo una mfululizo wa risasi tano kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4, mkono ukianzia chini kwa nyuzi 45. Kubadilika kwa kasi kumejengwa ndani ya mchezo wenyewe.

Kuuchosha mwili ni zoezi zuri, lakini lina sharti. Mwanafunzi akimbie mita 50 bastola ikiwa tupu mezani, magazini nje, mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo. Anarudi, anasimama, ndipo anapoishika. Hakuna anayekimbia na bastola yenye risasi katika renji yangu, na naomba iwe hivyo katika renji zenu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la bei nafuu. Mpe mwenzake mlengaji magazini achanganye risasi za bandia na za kweli, mlengaji mwenyewe asione. Risasi ya kweli inalia, bastola inaruka, hakuna cha kujifunza. Kisha inakuja ya bandia: triga inasema ta, kimya, na sote tunauona mdomo wa mtutu ukizama chini kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza kujikinga na mshindo ambao haukuja. Mwanafunzi anauona woga wake kwa macho yake. Fanya hivyo asubuhi, kisha jioni, kisha baada ya mbio. Mtu aliyeacha kuzamisha mtutu asubuhi mara nyingi ataanza tena jioni, na hapo ndipo kazi ya kumfundisha ilipo.

Risasi ni ghali, najua. Nusu ya haya yanafanyika kwa bastola tupu iliyokaguliwa na watu wawili, risasi zikiwa chumba kingine.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kuanzia kipindi kijacho, nyuma ya kila karatasi ya shabaha mwandike saa, upande wa jua, upepo, umbali, mkao na mkono uliotumika. Zile za jioni msizitupe. Tukutane tena baada ya miezi mitatu, kila mmoja aje na karatasi zake, hasa zile mbaya.