Kabla ya Sufuria ya Uji: Kumsaidia Mzazi Anayelalamika Kuwa Maziwa Hayatoshi

Mada kwa semina ya wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, manyakanga na akina bibi wa Lukuledi, Wilaya ya Masasi



Utangulizi

"Maziwa hayatoki." Maneno haya husikika katika nyumba nyingi siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua. Anayeyasema mara nyingi ni binti wa uzao wa kwanza, na anayemjibu ni mama yake mzazi, kabla hata nesi hajapata habari. Sisi wa Masasi na Newala, Wamakua, Wayao na Wamakonde, jadi yetu huuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Bibi mzaa mama ana sauti kubwa katika malezi ya mjukuu. Akitulia, binti naye hutulia. Akiingiwa na hofu, sufuria ya uji mwepesi hubandikwa jioni ile ile.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi 6 nchini walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata asilimia 64. Tumesogea, lakini bado zaidi ya theluthi moja ya watoto hao wanapewa maji, uji au kitu kingine. Ukiwauliza mama zao sababu, wengi watakujibu kuwa maziwa hayatoshi.

Hoja yangu leo ni hii. Malalamiko mengi ya maziwa machache hutatuliwa nyumbani, na anayeyatatua ni nyumba nzima, si mzazi peke yake. Wapo pia wachache ambao maziwa yao kweli hayatoshi. Hao wasilaumiwe, wala mtoto wao asiachwe na njaa kwa jina la ushauri mzuri. Kazi yetu ni kujua nani yuko upande upi, na kujua mapema.

1. Jinsi maziwa yanavyotengenezwa

Siku za kwanza titi hutoa dang'a, maziwa mazito ya rangi ya njano. Ni machache, na machache hayo ndiyo kipimo chake, kwa sababu siku ya kwanza tumbo la mtoto hupokea kiasi cha kijiko kimoja cha chai au kupita kidogo kwa kila nyonyo. Bado wapo wanaoyaona kuwa machafu na kuyamwaga. Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto dhidi ya maradhi, na pia humsafisha tumbo. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa mama aliyepasuliwa, aliyetokwa na damu nyingi au aliyekuwa na uchungu wa muda mrefu, yanaweza kuchelewa zaidi.

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa vichocheo viwili. Prolaktini huliamuru titi litengeneze maziwa, nayo hupanda zaidi usiku. Oksitosini huyasukuma yatoke, nayo huzuiwa na maumivu, woga na fedheha. Ndiyo maana mama anayesimangwa anaweza kuwa na titi lililojaa na mtoto asipate kitu. Tena titi lililoachwa limejaa hupunguza utengenezaji wenyewe, na lililonyonywa likalainika huongeza. Kila kikombe cha uji anachopewa mtoto mchanga humshibisha, basi ataomba titi mara chache, na kesho yake maziwa yatapungua kweli. Hapo bibi atasema, "Niliwaambia." Hakusema uongo, ila uji wenyewe ndio uliomtimizia maneno yake.

2. Maswali matatu ya kuanzia

Mtoto kulia, titi kuwa laini, au mama kukamua akapata matone tu, havithibitishi kuwa maziwa ni machache. Watoto wengi hulia jioni na kutaka kunyonya mfululizo. Titi nalo hulainika baada ya wiki chache kwa kuwa limeshazoea kiasi anachohitaji mtoto. Tuulize haya matatu.

La kwanza, anakojoa mara ngapi? Kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Choo cheusi cha mwanzo nacho kinapaswa kuwa kimegeuka njano. Mkojo wa rangi nzito baada ya siku ya tano, au choo kilichobaki cheusi, ni onyo.

La pili, uzito unasemaje? Mtoto hupungua kidogo baada ya kuzaliwa, na hilo ni la kawaida mradi lisizidi asilimia 10. Anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya pili. Baadaye, asipoongezeka angalau nusu kilo kwa mwezi katika miezi 6 ya kwanza, maziwa anayopata hayatoshi. Kadi ya kliniki na mzani wa zahanati ndivyo vitakavyotuambia, hata kama majirani wote wanasema mtoto amekonda.

La tatu, anashikaje titi? Kaeni na mama, mtazameni akinyonyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeukie nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani ya kinywa. Sikilizeni kama anameza. Chuchu ikiumia au ikitoka imebonyea, mtoto ananyonya chuchu tu, na kwa namna hiyo hapati maziwa. Nafikiri hapa ndipo penye chanzo cha malalamiko mengi tunayopokea.

3. Siku chache za kuyaongeza

Tukishaona mtoto yuko salama na ana nguvu za kunyonya, tuwape familia mpango wa siku chache, tena tumpe bibi awe msimamizi wake.

Mama na mtoto wakae pamoja, ngozi kwa ngozi, kanga ikiwafunika. Mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, kila anapoonesha dalili: kugeuza kichwa, kunyonya mkono, kutoa ulimi. Asisubiriwe mpaka alie. Anayelala mno siku za kwanza aamshwe. Amalize titi moja kisha apewe la pili, na safari ijayo aanzie lile la mwisho.

Baada ya kunyonyesha, mama akamue kwa mkono kwa dakika chache. Anawe mikono kwa sabuni, aweke kidole gumba juu na kidole cha pili chini, nyuma kidogo ya weusi, asukume kuelekea kifuani kisha abane taratibu, akizunguka titi lote. Kitambaa cha maji ya vuguvugu na mkono wa mama yake unaomkanda mgongo husaidia maziwa kushuka. Aliyoyakamua mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo safi, si kwa chupa. Kwa joto letu, yasikae nje zaidi ya saa 4.

Chuchu bandia iwekwe kando. Na katika siku hizo mzazi asichote maji, asitwange, asiende shamba.

4. Chakula, mitishamba na vidonge

Mama anayenyonyesha anahitaji milo miwili midogo ya ziada kila siku, na maji kila anaposikia kiu. Hapa kwetu si lazima chakula kiwe cha kununua ghali. Mbaazi, kunde, njugu mawe, korosho, kisamvu, majani ya maboga, mlonge, dagaa na uji wa mtama ni vyakula vya kumjenga. Ugali wa muhogo peke yake haumtoshi. Tumwambie pia ukweli wa kumtuliza: hata mama mwembamba hutengeneza maziwa mazuri. Chakula tunampa ili yeye mwenyewe asidhoofike.

Supu ya samaki, uji wa pilipili manga na majani ya mlonge vina sifa ya kuongeza maziwa. Ushahidi wa kitaalamu bado ni mdogo, lakini kama chakula havina ubaya, na mzazi anayeandaliwa supu huona kuwa anajaliwa. Dawa za mizizi zisizojulikana kipimo chake, hasa zinazonyweshwa mtoto mwenyewe, tuziache. Vidonge vya kuongeza maziwa ni vya daktari kuamua. Anayetumia uzazi wa mpango amweleze nesi kuwa ananyonyesha, kwa sababu vidonge vyenye vichocheo viwili vinaweza kupunguza maziwa, na vipo vyenye kichocheo kimoja vinavyomfaa.

5. Hofu ya kubemenda

Naomba nilizungumze hili kwa heshima mbele ya manyakanga, walimu wetu wa unyago, kwa kuwa wao ndio wanaosikilizwa kuliko bango la zahanati. Inaaminika kwamba wazazi wakirudiana mapema, au mmoja akitoka nje ya ndoa, maziwa huharibika na mtoto hubemendwa, yaani hudhoofika na kukonda. Ndani ya imani hiyo kuna hekima ya kutenganisha uzazi, na leo hekima hiyo tunaweza kuitimiza kwa uzazi wa mpango. Lakini tendo la ndoa haliharibu maziwa. Ubaya wa shutuma hii ni kwamba mtoto akikonda, mama hushukiwa, na anayeshukiwa huona haya kumpeleka kliniki. Tunampoteza mtoto ambaye mzani ungemwokoa. Manyakanga wakiwafundisha wali kuwa mtoto anayekonda hupelekwa kupimwa siku ile ile, wataokoa wengi.

6. Pale ambapo kweli hayatoshi

Wapo akina mama ambao kizuizi kiko mwilini: kipande cha kondo kilichobaki tumboni, damu nyingi iliyopotea wakati wa kujifungua, maradhi ya tezi, upasuaji wa titi, au matiti ambayo hayakukua vya kutosha. Wapo na watoto wasioweza kunyonya vizuri: njiti, wenye mdomo wa sungura, wenye utando uliofunga ulimi.

Mtoto aliyelegea, asiyeamka kunyonya, asiyekojoa, mwenye homa au mwili wa baridi, au mwenye macho ya njano, hana siku za kusubiri mpango wetu. Aende zahanati sasa hivi, na ikibidi apelekwe Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya Newala. Wakiwa njiani, abebwe ngozi kwa ngozi na aendelee kupewa maziwa yaliyokamuliwa kama anaweza kumeza.

Daktari akishauri maziwa ya kopo, yatumike bila aibu: maji yaliyochemshwa, kipimo kama kilivyoandikwa, kwa kikombe, na titi liendelee. Yasizimuliwe ili yafike mwisho wa wiki. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako hakuna mito na maji safi ni shida ya miaka mingi, kopo lina hatari zake. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams alisimama mbele ya klabu ya Rotary mjini Singapore, akatamka kuwa kuwalaghai akina mama waache kunyonyesha ni sawa na kuua. Dunia ilichukua zaidi ya miaka 40 kupitisha kanuni ya kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo, mwaka 1981. Tanzania nayo ina kanuni zake tangu 1994. Muuzaji haruhusiwi kugawa sampuli kwa wazazi.

Kumpa mtoto anyonye kwa mama mwingine ni desturi ya zamani. Leo inahitaji kwanza kujua hali ya VVU ya anayenyonyesha, na kwa Waislamu huzaa udugu wa kunyonya unaozuia ndoa, hivyo familia zikubaliane wazi. Nairobi, katika hospitali ya Pumwani, benki ya maziwa ya mama ilifunguliwa mwaka 2019. Ni jambo la kuliomba hata kwetu. Na mama mwenye VVU anayemeza dawa zake ipasavyo ananyonyesha kama wengine. Asiachishwe kwa hofu.

7. Ndoo, jembe na korosho

Tunaweza kufundisha ukamataji wa titi mpaka jioni, lakini mzazi anayerudi kuokota korosho mwezi Oktoba akamwacha mtoto kwa dada yake mdogo, atapungukiwa. Mtoto aende naye shambani abebwe kwa mbeleko, au mama akamue asubuhi na kuacha maziwa. Baba na mjomba wagawane kazi ya maji na kuni angalau mpaka arobaini ipite.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa pia mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Walimu na wafanyakazi wa maghala wazijue saa hizo na wazidai.

Mapendekezo

Moja: kila mzazi atembelewe nyumbani kati ya siku ya tatu na ya tano, wakati hofu inapoanza, na bibi awepo kwenye mazungumzo. Mbili: kila zahanati iwe na mtu aliyefundishwa kutazama mtoto akinyonya, na mzani unaofanya kazi. Tatu: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji iwe na nafasi ya mafunzo ya kukamua kwa mkono. Nne: manyakanga wapewe mafunzo haya rasmi na yaingie katika mausia ya unyago.

Maswali kwa vikundi

1. Katika kijiji chako, nani hutoa uamuzi wa kumpa mtoto uji, na nani anaweza kuzungumza naye akasikilizwa?
2. Kazi zipi za mzazi zinaweza kuchukuliwa na wengine kwa siku 40, na nani atazichukua?
3. Mzazi akilalamika usiku kuwa maziwa hayatoki, jirani wa kwanza afanye nini kabla ya kuwasha moto wa uji?

Kila kikundi kiandike majina ya watakaofanya ziara za siku ya tatu hadi ya tano katika kitongoji chao, na orodha hiyo ibaki kwa mganga mfawidhi kabla hatujaachana leo.