Kichupa Kimoja, Pedali Mbili: Kutafuta Hitilafu ya Klachi na Breki kwenye Magari ya Zamani

Mada kwa mafundi wa gereji na walimu wa ufundi magari

Utangulizi

Dereva akilalamikia klachi na breki kwa pamoja, wengi wetu tunaandika bili mbili. Mimi nasema tusishushe gia boksi kabla ya kuangalia pedali hizo zinakunywa wapi.

1. Mfumo ulivyo

Magari hayafanani. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 zina kichupa cha klachi peke yake, na klachi ya waya haitumii mafuta kabisa. Lakini kwenye Volkswagen Golf ya kizazi cha 4, iliyoanza kutoka mwaka 1997, masta ya klachi inanyonya mafuta kwenye kichupa kilekile cha breki, kwa mpira uliochomekwa ubavuni. Tundu la mpira huo liko juu kuliko matundu ya breki. Mafuta yakipungua, klachi inakosa kwanza na breki zinabaki na akiba. Ndiyo maana klachi iliyolegea huweza kuwa inatoa habari za breki.

2. Mfano

Niliwahi kuletewa gari la namna hiyo. Mwenyewe akaniambia, "Fundi, klachi imekwisha, gia zinakwaruza." Nikalijaribu barabarani. Taa ya breki ikawa inawaka kwenye kona na kuzimika barabara ikinyooka. Nilipofunua boneti, mafuta yalikuwa chini ya alama. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele ulikuwa na nyufa, umelowa. Klachi pleti haikuwa na kosa lolote.

3. Hatua za uchunguzi

(a) Kiwango. Pedi zikilika, mafuta hushuka polepole bila kuvuja. Yakiongezwa yakashuka tena upesi, yanavuja.

(b) Aina ya mafuta. Pedali zote mbili zikigoma siku chache baada ya mtu kuongeza mafuta, shuku kilichomiminwa. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya ndani. Dondoshea tone kwenye glasi ya maji: DOT 3 na DOT 4 huchanganyika, ya injini huelea. Yakielea, kusafisha hakutoshi. Badilisha mipira yote iliyoguswa, ya breki na ya klachi.

(c) Mahali pa kuvuja. Papasa zulia chini ya pedali, kagua chini ya gia boksi na upande wa ndani wa kila gurudumu. Kusipokuwa na unyevu popote, fungua masta ya breki uchungulie ndani ya busta: sili ya nyuma ikichoka, mafuta huishia humo.

(d) Upepo. Pedali ya breki ikipanda kwa kupampu, shuku upepo. Ikizama taratibu chini ya mguu na nje hakuvuji, sili za ndani ya masta zimechoka. Toa upepo wa breki kwanza, kisha wa klachi. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Hitimisho

Mafuta ya breki hufyonza unyevu. Kiwango cha DOT 4 kinataka yakiwa mapya yasichemke chini ya 230°C. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaruhusu yashuke hadi 155°C. Napendekeza yabadilishwe kila miaka 2, upande wa klachi ukiwemo. Na tuache tabia ya kujaza kichupa na kumruhusu mteja aondoke: klachi itakaa sawa, breki itaendelea kuvuja, na shahidi pekee tutakuwa tumemziba mdomo.